Nani Anaruhusiwa na Sheria Kuasili Mtoto?



Katika mikutano ya matawi yetu liko swali ambalo halikosi kuulizwa, hasa baada ya shughuli rasmi kwisha na watu kubaki wawili watatu nje ya ukumbi. Swali lenyewe ni hili: "Mtoto huyu nimemlea tangu akiwa mchanga, ananiita baba, anasoma kwa jina langu. Je, ni wangu?" Mara nyingi mtoto huyo ni wa ndugu aliyefariki, au wa mfanyakazi mwenzetu aliyekufa akiwa kazini, au ni mtoto aliyeachwa tu na hakuna aliyerudi kumwuliza.

Mbele ya jirani jibu ni ndiyo, mtoto ni wako. Mbele ya sheria ya Uganda jibu mara nyingi ni hapana. Tofauti ya majibu haya mawili haionekani siku za kawaida. Huonekana siku mlezi anapofariki, ndugu wa ukoo wakafika na kumwambia mtoto aliyekulia katika nyumba ile kwamba yeye si wa hapo. Kwa sababu hiyo tumeona yafaa kueleza katika ukurasa huu ni nani anayeruhusiwa na sheria kuasili mtoto, anatakiwa awe na sifa gani, na afanye nini asipokuwa nazo.

KUASILI NI NINI?

Watu huchanganya mambo matatu, nasi tuyatenganishe kwanza.

La kwanza ni kulea tu. Unamchukua mtoto wa dada yako, unamlisha, unampeleka shule. Hili ni jambo jema na la desturi yetu, lakini halibadilishi kitu katika daftari lolote la serikali.

La pili ni ulezi wa kisheria. Hapa mahakama, au familia kwa kufuata mila yake, humteua mtu awe mwangalizi wa mtoto na wa mali ya mtoto. Ulezi huu hufika mwisho mtoto anapotimiza miaka 18. Mtoto hubaki wa wazazi wake wa asili.

La tatu ndilo kuasili. Kwa amri ya mahakama, haki na wajibu wote wa wazazi wa asili juu ya mtoto hukoma, na haki hizo na wajibu huo huhamia kwa mzazi mpya, kana kwamba mtoto amezaliwa kwake. Amri huandikwa katika daftari maalumu la watoto walioasiliwa. Hakuna tena kusema "wa kulea" na "wa kuzaa".

Kwa kuwa jambo hili ni zito kiasi hicho, sheria haimruhusu kila mtu. Sheria yenyewe ni Sheria ya Watoto, iliyoanza kutumika mwaka 1997 na kufanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2016. Masharti tunayoyaeleza hapa yametoka humo.

UMRI WA MWOMBAJI

Sharti la kwanza ni umri, nalo lina pande mbili. Mwombaji lazima awe ametimiza miaka 25. Pia lazima amzidi mtoto kwa miaka 21 au zaidi. Pande zote mbili zitimizwe na mtu yule yule.

Mume na mke wakiomba pamoja, yatosha mmoja wao kuwa na sifa hiyo. Tuchukue mfano. Fundi wa reli ana miaka 30, naye anataka kumwasili mtoto wa miaka 12. Umri wa miaka 25 ameupita, lakini tofauti yake na mtoto ni miaka 18 tu. Akiomba peke yake, ombi litaanguka. Lakini kama mke wake ana miaka 34, tofauti yake na mtoto ni miaka 22, basi wakiomba pamoja sharti limetimia.

Mfano mwingine: kijana wa miaka 23 amebaki na mdogo wake wa miaka 6 baada ya wazazi kufariki. Huyu hawezi kuasili. Hana miaka 25, wala hamzidi mdogo wake kwa miaka 21. Asikate tamaa lakini, maana mlango wa ulezi uko wazi kwake, kama tutakavyoeleza mbele.

Sharti hili la miaka 25 na tofauti ya miaka 21 linafanana na la majirani zetu. Kenya wanalo katika Sheria ya Watoto ya 2022, na Tanzania Bara wanalo katika Sheria ya Mtoto ya 2009. Kenya wameongeza ukomo wa juu: kwa kawaida mwombaji asiwe ametimiza miaka 65. Mwanachama anayefanya kazi upande wa pili wa mpaka akumbuke kwamba atafuata sheria ya nchi aliyoko mtoto, na kwamba kufanana kwa sharti moja si kufanana kwa yote.

MWENYE NDOA NA ASIYE NA NDOA

Sheria inakubali ombi la namna mbili: la mtu mmoja, au la mume na mke pamoja. Watu wawili wanaoishi pamoja bila kuoana, au kaka na dada, hawawezi kuomba kwa pamoja.

Mtu aliyeoa au kuolewa akitaka kuomba peke yake, ni lazima mwenzake aridhie. Sheria haipendi mtoto aingizwe katika nyumba ambamo mmoja wa wenye nyumba hamtaki. Hata hivyo, mahakama yaweza kuiacha ridhaa hiyo kama mwenzi huyo haonekani alipo, au hana uwezo wa kutoa ridhaa, au wawili hao wametengana na hakuna dalili ya kurudiana. Mama aliyeachwa miaka kumi iliyopita asidhani kwamba lazima amtafute mume nchi nzima ili atie sahihi. Atoe maelezo yake kwa kiapo, mahakama itaamua.

Asiye na ndoa naye anaruhusiwa. Wengi hawalijui hili, hasa akina mama wanaofanya kazi viwandani na mashambani ambao huambiwa mitaani kwamba bila mume hawawezi. Si kweli. Lakini kuna kikwazo kimoja. Mwanamume peke yake kwa kawaida hapewi mtoto wa kike, na mwanamke peke yake kwa kawaida hapewi mtoto wa kiume. Mahakama yaweza kutoa ruhusa kama imeridhika kwamba kuna sababu za pekee. Mfano unaofikiriwa kwa urahisi ni wa shangazi aliyemlea mtoto wa kiume wa kaka yake tangu kuzaliwa, wala hakuna ndugu mwingine wa kumchukua. Sababu za namna hiyo ziandikwe wazi katika ombi na zithibitishwe na mashahidi. Mahakama haiwezi kuzikisia.

MALEZI YA KAMBO KABLA YA OMBI

Hapa ndipo maombi mengi hukwama. Sheria inasema ombi halitasikilizwa mpaka mwombaji awe amekaa na mtoto katika malezi ya kambo kwa muda maalumu, chini ya usimamizi wa afisa wa probesheni na ustawi wa jamii wa wilaya. Zamani muda huo ulikuwa miezi 36. Marekebisho ya mwaka 2016 yaliupunguza hadi mwaka mmoja.

Tazameni vizuri maneno "chini ya usimamizi". Kukaa na mtoto miaka kumi bila afisa kujua si sawasawa na malezi ya kambo yanayotajwa na sheria. Afisa ndiye anayefika nyumbani, anaona mtoto analala wapi, anakula nini, anasoma au hasomi, anazungumza naye, kisha anaandika. Maandishi yake ndiyo yatakayosomwa na hakimu.

Kwa hiyo shauri letu la kwanza kwa kila mwanachama mwenye mtoto wa kulea ni hili: nenda kwa afisa huyo mapema, hata kama bado hujaamua kuasili. Ofisi yake iko makao makuu ya wilaya. Kabla ya kwenda, pata barua ya mwenyekiti wa LC 1 wa mahali unapoishi inayoeleza kwamba mtoto yuko kwako na amekuwa kwako tangu lini. Barua hiyo haimfanyi mtoto kuwa wako, lakini ni mwanzo wa kumbukumbu.

RIDHAA YA WAZAZI NA YA MTOTO

Kama wazazi wa mtoto wanajulikana, ridhaa yao ni lazima. Kufiwa na mzazi mmoja hakumwondolei haki mzazi aliyebaki. Baba aliyekwenda kutafuta kazi Juba au Nairobi na kukaa kimya miaka mitatu bado ni baba mbele ya sheria, naye lazima atafutwe. Mahakama yaweza kuiacha ridhaa ya mzazi asiyekuwa na uwezo wa kuitoa, lakini haitakubali neno tupu la mwombaji kwamba "hatujui alipo". Itataka kujua alitafutwaje.

Mzazi anayeridhia lazima aelewe anachokubali. Ni wajibu wa mahakama kuhakikisha anajua kwamba amri ikishatolewa, haki zake juu ya mtoto zimekwisha moja kwa moja. Mzazi asiyejua kusoma asomewe kwa lugha anayoifahamu. Naye anaweza kuiondoa ridhaa yake wakati wowote kabla amri haijatamkwa. Tunasisitiza hapa kwa sababu baadhi ya watu hutia dole gumba kwenye karatasi wakidhani wanampeleka mtoto kusoma tu, kisha atarudi.

Kama kuna mtu mwingine mwenye haki au wajibu juu ya mtoto, ama kwa amri ya mahakama, ama kwa makubaliano, ama kwa mila, huyo naye aulizwe. Wazee wa ukoo wanaingia hapa. Ni afadhali waitwe mwanzo kuliko waje mahakamani siku ya mwisho kupinga.

Na mtoto mwenyewe je? Akiwa na miaka 14 au zaidi, ridhaa yake ni lazima, isipokuwa kama haiwezekani yeye kueleza nia yake. Aliye chini ya hapo bado atasikilizwa kwa kadiri ya umri wake na akili yake. Jambo kubwa kuliko yote ambalo mahakama hulitazama ni faida ya mtoto. Haja ya mwombaji kupata mtoto huja nyuma yake.

FEDHA ZISIPITE

Kabla ya kutoa amri mahakama lazima iridhike kwamba hakuna malipo wala zawadi iliyotolewa, kupokewa au kuahidiwa ili mtoto aasiliwe. Hapa tuseme bila kuficha. Ukimpa mama wa mtoto mbuzi, au kiwanja, au ada ya shule ya watoto wake wengine ili akubali, umeliharibu ombi lako mwenyewe, na waweza kushtakiwa. Uganda ina sheria ya kuzuia biashara ya watu tangu mwaka 2009, na kununua mtoto kunaingia humo, hata kama mnunuzi alikuwa na nia njema.

Gharama halali ziko: za kufungua ombi, za hati za kiapo, na za wakili kama unaye. Dai risiti kila unapolipa. Afisa wa wilaya hulipwa mshahara na serikali, hadai ujira wa kutembelea nyumba yako.

OMBI LAPELEKWA WAPI?

Kama mwombaji ni raia wa Uganda na mtoto ni raia wa Uganda, ombi hupelekwa katika mahakama ya Hakimu Mkuu wa eneo hilo. Huna haja ya kusafiri mpaka Kampala. Kama mmoja wao si raia, yaani mwombaji au mtoto, ombi huenda Mahakama Kuu.

Hili lawahusu wanachama wetu wengi wa magharibi na kaskazini ya nchi. Uganda imepokea wakimbizi zaidi ya milioni moja, hasa kutoka Sudan Kusini na Kongo, na miongoni mwao wamo watoto waliopotezana na wazazi. Sheria haimkatazi raia wa Uganda kumwasili mtoto asiye raia. Lakini shauri hilo ni la Mahakama Kuu, na kabla yake lazima ijulikane kama wazazi wako hai. Mtoto aliyepotezana na mama yake vitani si yatima mpaka itakapothibitishwa. Mtoto wa kigeni akishaasiliwa na raia wa Uganda, Katiba ya 1995 inampa haki ya kuandikishwa kuwa raia, kwa kuomba, akiwa bado hajatimiza miaka 18. Na mtoto aliyeokotwa nchini akiwa hajapita miaka mitano, ambaye wazazi wake hawajulikani, Katiba humhesabu kuwa raia kwa kuzaliwa.

MASHARTI YA WAGENI

Mgeni asiye raia anaweza kuasili mtoto wa Uganda, lakini kwa masharti makali zaidi. Lazima awe amekaa Uganda mwaka mmoja angalau. Awe amemlea mtoto huyo mwaka mmoja angalau chini ya usimamizi wa afisa wa probesheni. Asiwe na rekodi ya makosa ya jinai. Awe na maandishi ya mamlaka ya nchi yake yanayosema anafaa kuasili. Tena aihakikishie mahakama kwamba nchi yake itaiheshimu na kuitambua amri hiyo. Marekebisho ya 2016 yalisema wazi kwamba kumpeleka mtoto nchi nyingine kwa kuasiliwa ni njia ya mwisho, baada ya njia za hapa nyumbani kushindikana.

Sababu ya ukali huu yajulikana. Kabla ya 2016 watu wengi kutoka nje walikwepa masharti ya kuasili kwa kuomba ulezi wa kisheria tu, wakaondoka na mtoto, kisha wakakamilisha mambo huko kwao. Bunge lilifunga mlango huo: mwombaji wa ulezi wa kisheria sasa lazima awe raia wa Uganda. Mwezi Agosti 2020 serikali ya Marekani iliwawekea vikwazo majaji wawili wa Uganda na wenzao wengine, kwa madai kwamba walihusika katika mpango wa kuwalaghai wazazi wa vijijini kwa ahadi za elimu, watoto wakapelekwa katika nyumba za yatima za Kampala na kutoka hapo ng'ambo. Mwanachama akifikiwa na mtu anayekusanya watoto "kwa ajili ya wafadhili", na apige simu ya bure ya watoto namba 116 au atoe habari polisi.

UKIWA HUNA SIFA ZA KUASILI

Wapo watakaosoma masharti haya na kuona hawafiki. Kwao ziko njia mbili.

Ya kwanza ni ulezi wa kimila. Kama wazazi wote wamefariki au hawapatikani, au mzazi aliyebaki hajiwezi, familia yaweza kukaa na kuteua mlezi kwa kufuata desturi yake. Kikao hicho kisiachwe hewani. Andikeni nani walikuwapo, nini kilikubaliwa, mali ya mtoto ni ipi, kisha wote watie sahihi mbele ya mwenyekiti wa LC.

Ya pili ni kuomba ulezi wa kisheria katika Mahakama Kuu. Hapa mwombaji hahitaji kuwa na miaka 25. Raia aliyepita miaka 18 anaweza kuomba. Yule kijana wa miaka 23 na mdogo wake wa miaka 6 wanaweza kupata haki yao hapa. Akipewa amri ataweza kumwakilisha mdogo wake, kupokea haki zake na kuzisimamia. Lakini mali ya mtoto hubaki ya mtoto, na mlezi ataitolea hesabu.

KWA NINI JAMBO HILI NI LA CHAMA?

Wengine watauliza: chama cha wafanyakazi kinahusikaje na watoto wa watu? Tunajibu kwa mambo matatu.

La kwanza ni urithi. Mzazi aliyeasili akifariki bila wosia, sheria inamhesabu mtoto aliyeasiliwa sawa na wa kuzaliwa. Kwa marekebisho ya Sheria ya Urithi ya mwaka 2022, marehemu akiacha mwenzi, watoto, wategemezi na mrithi wa kimila, mali hugawanywa hivi: watoto asilimia 75, mwenzi asilimia 20, wategemezi asilimia 4, na mrithi wa kimila asilimia 1. Mtoto aliyeasiliwa anaingia katika asilimia 75. Mtoto aliyelelewa tu bila hati hana fungu humo. Akijaribu kupita kwa mlango wa wategemezi atakuta fungu lote ni asilimia 4, tena atadaiwa kuthibitisha kwamba anahesabiwa miongoni mwao. Asiyeweza kukamilisha kuasili basi aandike wosia. Kuandika wosia hakuhitaji mahakama.

La pili ni mafao. Mfanyakazi akifa kwa ajali ya kazi, fidia kwa wategemezi wake ni sawa na mapato ya miezi 60. NSSF nayo hulipa mafao ya warithi. Katika ofisi zote hizo atakayedai kwa niaba ya mtoto ataulizwa swali moja: mtoto huyu ni nani kwa marehemu? Mwenye amri ya mahakama hujibu kwa karatasi moja. Asiye nayo huanza kutafuta mashahidi, na wakati mwingine mashahidi hao hao ndio wanaoitaka fedha.

La tatu ni likizo. Sheria ya Ajira ya Uganda ya 2006 inampa mama siku 60 za kazi za likizo yenye mshahara kamili, na baba siku 4. Lakini likizo ya mama imefungamanishwa na ujauzito, na ya baba na kujifungua kwa mke au kuharibika kwa mimba. Mama aliyepokea mtoto wa miezi mitatu kwa kuasili hana siku hata moja kwa mujibu wa sheria hiyo. Mtoto huyo naye analia usiku, anahitaji kliniki, tena anahitaji kumzoea mtu mpya.

Wenzetu wa Kenya wamekwisha kupata hatua. Tangu mwaka 2021 sheria yao ya ajira inampa mfanyakazi aliyeomba kuasili likizo ya mwezi mmoja yenye mshahara kamili, kuanzia siku anapokabidhiwa mtoto. Anachotakiwa ni kumwarifu mwajiri kwa maandishi siku 14 kabla, pamoja na hati za shirika la kuasili. Shirika la Kazi Duniani nalo, katika Pendekezo lake Namba 191 la mwaka 2000, linasema kwamba mahali ambapo sheria inaruhusu kuasili, wazazi wanaoasili wapewe hifadhi ya uzazi, yaani likizo, mafao na ulinzi wa kazi.

Hatuna haja ya kungoja Bunge. Mapatano ya pamoja kati ya chama na mwajiri yanaweza kutoa zaidi ya sheria. Tunawashauri makatibu wa matawi, katika mazungumzo yajayo, kuleta mambo mawili. Kwanza, kifungu kinachotoa likizo kwa mfanyakazi aliyekabidhiwa mtoto kwa malezi ya kambo au kwa kuasili. Pili, maana ya neno "mtoto" katika vifungu vya matibabu, ada ya shule na rambirambi iwe ni pamoja na mtoto aliyeasiliwa na aliye chini ya ulezi wa kisheria. Mapatano mengine husema "mtoto wa mfanyakazi" na kunyamaza, na mwajiri hutumia kimya hicho kukataa kulipa.

MAMBO YA KUFANYA SASA

Kwa kumalizia, ndugu mwenye mtoto wa kulea, fanya haya kwa utaratibu.

1. Kusanya hati: cheti cha kuzaliwa cha mtoto kama kipo, vyeti vya vifo vya wazazi kama wamefariki, kitambulisho chako cha taifa, na cheti cha ndoa kama umeoa au kuolewa.

2. Pata barua ya mwenyekiti wa LC 1.

3. Nenda kwa afisa wa probesheni na ustawi wa jamii wa wilaya, umweleze ukweli wote, uanze muda wa malezi ya kambo chini ya usimamizi wake. Andika tarehe uliyofika.

4. Waite jamaa wa mtoto mapema. Mwenye kupinga apinge mwanzo.

5. Muda ukitimia, fungua ombi kwa Hakimu Mkuu. Kama huna fedha za wakili, uliza msaada wa sheria. Chama cha Wanasheria Wanawake, FIDA-Uganda, kilichoanzishwa mwaka 1974, ni mmoja wa wanaotoa msaada huo.

6. Amri ikishatolewa, hakikisha imeandikishwa katika daftari la watoto walioasiliwa. Kisha peleka nakala kwa mwajiri wako na NSSF ili jina la mtoto liingie katika kumbukumbu zako.

7. Mpaka siku hiyo ifike, andika wosia na umtaje mtoto kwa jina lake kamili.

Makatibu wa matawi wanaombwa kulisoma jambo hili kwa sauti katika mikutano, maana wengi wa wanaohusika hawapati gazeti hili. Mwanachama aliyekwama katika hatua yoyote na amwone katibu wa tawi lake, naye ataandamana naye mpaka ofisi ya wilaya.